Kazi Aliyonipa Baba

Baba yangu alinipa kazi siku ya Krismasi, ndani ya kanisa, mbele ya watu waliovaa nguo ambazo bado zilikuwa na harufu ya duka. Hakushauriana nami kwanza. Alinipa tu, na mimi nikaipokea nikiwa nimesimama.

Lazima nieleze Desemba ilivyo kwetu, upande wa Kamachumu, la sivyo hasira yangu haitaeleweka. Mwezi huo Wahaya waliotawanyika kila pembe hurudi nyumbani. Wanarudi na magari, na watoto wasiojua Kihaya, na habari za makazini kwao. Kwenye kigango chetu, misa ya Krismasi ikiisha, katekista anasimama mbele na kuwatambulisha waliorudi, familia baada ya familia. Huyu yuko benki, Dar es Salaam. Huyu ni mwalimu, Dodoma. Huyu yuko nje, anasoma. Kila anayetajwa anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi. Asiye na kazi ya kutajwa anarukwa, na kanisa zima linamwona akirukwa. Katekista mwenyewe ndiye baba yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza stashahada yangu ya umeme na mitambo ya maji. Pampu, kwa kifupi. Nilikuwa nimerudi na bahasha ya vyeti na matumaini ya kijinga. Baba akafika kwenye benchi letu. Huyu ni mtu ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akidanganya hata kwa mzaha. Akasema, "Na huyu wangu yuko kampuni ya visima, Bukoba mjini." Makofi yakapigwa. Mama alianza kigelegele, kikamkatikia njiani. Nami nikasimama, nikapunga mkono kama wenzangu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwuliza, "Baba, kampuni gani hiyo?"

"Utaipata kabla ya Pasaka," akasema. "Mimi nimetangulia tu kusema."

Pasaka ikaja ikapita. Zimepita Pasaka saba.

Watu wakisikia "kutafuta kazi" wanadhani ni jambo la wiki mbili tatu. Mimi nimelifanya miaka saba, na kama lingekuwa na vyeo, sasa hivi ningekuwa mkurugenzi. Nimegongesha mihuri nakala za vyeti kwa wakili mpaka karani wake akawa ananiuliza habari za nyumbani. Nimefanya usaili wa kuandika katika ukumbi wa shule tukiwa tumejazana mpaka kwenye ngazi, nafasi zenyewe mbili, na katika maswali yote pampu haikutajwa hata mara moja. Kwenye kiwanda kimoja cha samaki, bwana mmoja alifungua bahasha yangu, akasifu matokeo yangu, halafu akauliza barua ya uzoefu wa miaka mitatu iko wapi. Nikamwambia ndiyo kwanza natafuta mahali pa kuupatia huo uzoefu. Akanishauri nikajitolee.

Kujitolea! Neno hilo nalichukia. Nimejitolea mwaka mzima katika ofisi moja mjini. Asubuhi nilishika spana, saa nne nilitumwa vitumbua, na nafasi ilipotangazwa akaletwa mtu kutoka mbali, nikaambiwa nimfundishe. Nilikwenda mpaka kisiwa cha Goziba, miezi mitano, nikitengeneza injini za boti za wavuvi. Ile ilikuwa kazi ya kweli. Mikono yangu ilinuka petroli hata wakati wa kula. Nilipoondoka nilimwomba mwenye boti aniandikie barua ya uzoefu.

"Barua ya nini?" akanishangaa. "Injini si zinanguruma?"

Zilikuwa zinanguruma kweli, lakini ngurumo huwezi kuiambatanisha kwenye maombi ya kazi. Kwa wenye ofisi, miezi ile mitano haikuwepo.

Nilichobaki nacho ni kibarua katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Bukoba: kupakia saruji, kukata mabomba, kumweleza mteja kwa nini koki ya bei rahisi itamtoa machozi. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka Pwani. Ana ndevu nyeupe na hana makelele. Siku yenye kazi alinipa kazi, siku isiyo na kazi alinipa chai, na hakuwahi kuniita fundi ili anilipe pungufu, kama wanavyofanya wengine.

Baba, huko nyuma, akawa anaitunza kampuni yake. Kila baada ya miezi miwili hivi alikata mkungu mzuri wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaupeleka mwenyewe kwenye basi pale Kamachumu, akamkabidhi kondakta kwa sauti ya kusikika na wote: "Huu ni wa bosi wa kijana wangu, kule kwenye visima. Msije mkaubamiza." Mimi niliupokea stendi ya Bukoba, nikaubeba begani mpaka dukani kwa mzee. Mzee alizila zile ndizi na familia yake na kumwombea baba dua. Hakujua kwamba yeye ndiye bosi wa kampuni isiyokuwepo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa inatoka Kamachumu hadi Bukoba, na ilikuwa na basi.

Kuna wakati nilichoka, nikamwambia baba nirudi nyumbani nishike kibanja, nipalilie kahawa, angalau nile jasho langu. Alishtuka kama nimemwambia nataka kuiba. "Mtu mwenye stashahada akionekana na jembe siku ya Jumanne," akasema, "watu watafikiri nini?" Jumamosi aliniruhusu. Jumamosi nilikuwa mtu wa mjini aliyekuja kuwasalimia wazazi na kuwasaidia kidogo. Ikifika Jumapili jioni ilinibidi niondoke, nirudi kwenye kazi ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa mwanamume mzima anayefukuzwa shambani kwa baba yake kwa sababu ya heshima.

Kisha mradi wa maji ukaja kijijini kwetu. Kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu mlimani na vituo vya kuchotea. Sisi ni watu tuliozungukwa na mvua, lakini maji ya kunywa yako bondeni kwenye chemchemi, na wanaoteremka kuyafuata ni wanawake, mama yangu mmoja wao, na goti lake bovu. Tangazo likabandikwa ofisi ya mtendaji wa kijiji: anatakiwa fundi mmoja, mzaliwa wa hapa, aliyesomea mitambo ya maji, na kipaumbele ni kwa asiye na ajira. Mkutano wa kijiji ndio utakaopitisha jina.

Nilitumiwa picha ya tangazo kwenye simu. Nilikaa juu ya mifuko ya saruji nikalisoma mara nne. Kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine aliyesomea pampu. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, niliona kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuninyima.

Mtendaji alinipokea kwa kunyanyuka kwenye kiti. "Fundi! Karibu, waitu. Umekuja kutukagulia kisima?"

"Nimekuja kuomba ile nafasi."

Akacheka. "Wewe una kazi yako. Waachie na wenzako."

"Sina kazi, mheshimiwa."

"Kampuni imefungwa?"

"Haijawahi kuwepo."

Akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua anachezewa. "Sikiliza. Kama umeacha kazi, hakuna ubaya. Niletee barua ya kuachishwa, niweke kwenye faili. Tangazo linasema asiye na ajira. Bila barua, mimi nitajuaje?"

Miaka saba watu walinitaka barua kuthibitisha kazi niliyofanya, sikuwa nayo. Sasa natakiwa barua ya kufukuzwa kazi ambayo sikuipata. Nilitoka pale nikatembea hadi nyumbani nikimtukana mtendaji kwa Kiswahili na baba kwa Kihaya, moyoni, maana njiani watu walikuwa wananisalimia vizuri sana.

Baba alikuwa kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Sikumwamkia. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia ameniajiri kwenye uongo wake na sasa hata kufukuzwa siwezi. Nilimwambia kwamba angeniacha nirukwe tu ile Krismasi, ningeona aibu siku moja, yakaisha.

"Nilitaka wakuheshimu," akasema.

"Wananiheshimu! Kazi yenyewe hawanipi kwa heshima hiyo hiyo."

Akaendelea kukata majani. Nikamwambia mkutano ni Alhamisi, na ni yeye tu anayeweza kunitoa kwenye shimo hili, kwa kusimama na kusema kweli. "Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wao komunyo ya kwanza," alisema mwishowe. Hakusema atasimama, hakusema hatasimama. Nilirudi mjini sijalala kwetu.

Kesho yake nilimweleza mzee wa duka kila kitu, pamoja na habari za ndizi. Nilidhani atakasirika. Akafuta miwani yake. "Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema, kisha akachukua karatasi yenye jina la duka akaandika kwa mkono wake: kwamba ananifahamu, kwamba kwake mimi ni kibarua wa siku, na kwamba kwa ufahamu wake sijaajiriwa na kampuni yoyote. Akagonga mhuri. Ilikuwa barua ya kwanza ya kazi niliyopata maishani, na ilisema sina kazi. Niliishika kwa mikono miwili.

Alhamisi watu walijaa kwenye ghala la kahawa la chama cha msingi. Majina yalikuwa matatu. Mwenyekiti wa kijiji alipofika kwangu hakupoteza muda. "Huyu tunamfahamu na tunajivunia, lakini ni mtu mwenye kazi yake. Tuendelee."

Baba akasimama.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alianza kwa Kiswahili. "Ndugu zangu, mwanangu hana kazi. Hajawahi kuwa nayo tangu amalize chuo. Mimi ndiye niliyewadanganya, tena kanisani. Nilikuwa naona aibu. Naomba mnisamehe, naomba asihukumiwe yeye." Kiswahili kikamwishia hapo, akarudia yote kwa Kihaya, taratibu zaidi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Katika dakika ile nilimsamehe baba kila kitu, hata Jumamosi zake.

Kisha mtu akacheka huko nyuma.

"Katekista," akasema jirani yetu, mwanamke ambaye shamba lake linapakana na letu, "na ndizi za bosi je? Tumeziona zikipanda basi miaka yote hiyo. Ulikuwa unampelekea nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema kwamba tamaa haina dini. Mtoto ana mshahara mjini, baba anautaka na huu wa kijijini. Mwingine akasema amesikitika, kwamba hakutegemea mtu wa kanisa aseme uongo mchana kweupe kwa ajili ya kazi. Baba alikuwa bado amesimama. Miaka saba alisema uongo wakamwamini kama Injili, na siku aliyosema kweli ndiyo siku walipomwita mwongo.

Nikaisoma barua ya mzee. Nilisoma kwa sauti, mpaka kwenye mhuri. Mwenyekiti akaniomba aione, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hapa imeandikwa unafanya kazi dukani."

"Kibarua, mwenyekiti. Siku nyingine ipo, siku nyingine haipo."

"Lakini ni kazi."

"Kupakia saruji?"

"Kuna hapa ambao hata hiyo saruji ya kupakia hawana," akasema, na ghala likapiga makofi. Laiti wangenizomea. Makofi yale yaliniuma zaidi, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli, na ilikuwa kweli ya kuninyonga.

Mikono ikanyooshwa. Upande wangu ulinyooshwa wa mama na wa watu wengine wawili. Kazi akapewa mwanamume wa makamo mwenye watoto wanne, ambaye alikuwa akiunga umeme majumbani. Pampu hakuwahi kuifungua. Nilimchukia kwa wiki kadhaa, jambo ambalo halikuwa haki, kwa sababu naye alikuwa hana kitu, na yeye angalau kijiji kizima kilimwona hana.

Baba hakuondolewa ukatekista. Ila mama aliniambia kwamba Jumapili iliyofuata, baba alipofika kwenye amri ya nane, ile ya kutosema uongo, katika mafundisho ya watoto, mmoja alicheka, na baba akafunga kitabu kabla ya wakati. Tangu hapo alianza kutembea akitazama chini. Ningeweza kuwachapa watu wazima mmoja mmoja kwa ajili ya hilo.

Maji yalitoka miezi minne, halafu pampu ikagoma. Mtendaji akanipigia simu nikiwa dukani.

"Fundi, tuokoe. Mwenzako amejaribu kila kitu, ameshindwa. Fungu la matengenezo hatuna, lakini wewe si mtu wa shida, una mshahara wako. Jitolee tu kidogo kwa ajili ya kijiji chako."

Nilikata simu bila kuaga. Nilipakia saruji mchana kutwa kwa nguvu za hasira, mpaka mzee akaniuliza ile mifuko imenikosea nini. Niliapa siendi. Wateremke bondeni wote, mwenyekiti na ndoo yake, jirani na ndoo yake, walionyoosha mikono wainyooshee chemchemi.

Siku ya nne mama alipiga. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba alikuwa ameteleza akipanda kutoka bondeni, ndoo ikapasuka, na goti limevimba lakini si sana. Jumamosi nikaenda.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo ya kuudhi. Kuna waya mwembamba unaoteremka kisimani kuiarifu pampu kama maji yapo. Usipotoa taarifa, pampu inajizima ili isiungue. Mtu alikuwa amelima karibu na kisima, jembe likaukata. Yule fundi alikuwa akizima na kuwasha siku zote hizo, akidhani ni paneli. Nilipomwonyesha, alishika kichwa, akaniomba nimweleze tena. Nikamweleza. Niliunganisha waya, nikaufunga vizuri usiingie unyevu, nikachimba na kuufukia chini zaidi. Kwa muda wa saa mbili hivi sikuwa na hasira na mtu yeyote. Mikono yangu ilikuwa inajua inachofanya, na wanawake waliokusanyika na ndoo walikuwa wananyamaza nikiwaomba wanyamaze nisikilize mtambo.

Pampu ikavuta. Maji yakakohoa kwenye koki, yakatoka mekundu, kisha yakatakata. Vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha, anatabasamu. Baba alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano alikuwa ametazama juu.

Mwenyekiti akanyoosha mkono watu watulie. "Tumshukuru mtaalamu wetu," akasema, "kutoka kampuni ya visima, Bukoba."

Makofi. Watu wakamgeukia baba, wakisubiri. Nami nikamtazama. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope, spana mkononi, na nilijua kabisa ninachotaka aseme. Aseme tu tena. Safari hii pampu ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yao, huenda wangemsikia.

Baba aliizungusha kofia yake vidoleni.

"Nasi tunaishukuru kampuni," akasema. "Wamempa ruhusa ya siku moja."

Nikasimama. "Tata," nikamwambia mbele yao wote, kwa sauti, "usinipe kazi tena."

Watu wakacheka wakafurahi, wakidhani ni utani wa mtoto na baba yake. Baba hakucheka. Mwenyekiti akanishika bega, akaniambia ninawe haraka niwahi gari, nisije nikachelewa kazini.